Nakupenda Wewe wa Gauni la Kijani

Mama Pindo, fundi cherehani, alizaliwa na kuolewa palepale kando ya maporomoko, mahali ambapo ukitaka kuomba chumvi kwa jirani ilibidi upige kelele kama nyumba inaungua. Maji yalinguruma kutwa kucha. Watu wa pale walipaza sauti hata wakisema siri, na siri gani hizo, jamani! Mumewe, fundi baiskeli, alimtongoza toka ng'ambo ya mto: "Nakupenda wewe wa gauni la kijani!" Wakageuka wasichana watatu. Ikabidi akunje suruali, avuke, aonyeshe kwa kidole.

Halafu likajengwa bwawa la umeme. Maji yakapanda, yakameza maporomoko, nyumba na makaburi. Wao wakahamishiwa kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari, namba mlangoni, taa sebuleni. Taa nzuri, hatukatai. Lakini kimya chake! Siku ya kwanza wenyeji wa huko walisikia wanandoa hao wakiulizana ufunguo uko wapi, wakaja mbio kuamua ugomvi.

Mwezi wa pili ofisa wa makazi akaleta barua ya malalamiko.

"Mzee, punguzeni sauti. Hapa si mtoni."

Fundi baiskeli ni mtu muungwana, akapunguza. Akapunguza kupita kiasi! "Mama, nimerudi," anasema, utadhani anaongea na ukuta. Mama Pindo moyo ukamwenda mbio. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa, sauti ile ndogo alikuwa ameisikia mara moja tu, siku waliyomzika mtoto wao wa kwanza. Wiki nzima akashona pindo zilizokwenda upande, wateja wakarudisha suruali. Alikuwa na hakika mzee wake ama anaumwa, ama amemchoka.

Asubuhi moja akashindwa kuvumilia.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," mzee akanong'ona.

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Si ile barua?"

"Kwani barua ndiyo iliyonioa?"

Akaangua kilio hapohapo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mzee akamtazama, akaona aibu. Maskini, kumbe hata yeye mzee alikuwa akijinyima sauti yake! Akatoka na spana yake mkononi, akavuka barabara, akasimama upande wa pili, akavuta pumzi.

"NAKUPENDA WEWE WA GAUNI LA KIJANI!"

Madirisha yakafunguka. Wenyeji wakaja mbio kuamua ugomvi. Na kutoka milango ya mtaa mzima, wanawake wa mtoni, ambao nao walikuwa wamenyamaza tangu ile barua, wakaitikia kwa vifua vyao vyote: "Yupiii?"

Mama Pindo siku hiyo alivaa la bluu. Akasimama mlangoni, machozi hayajakauka.

"Ni mimi! Nimesikia, baba! Vuka uje!"

Mzee akainama, akakunja suruali hadi magotini, akavuka vumbi la barabara.