Kuiamkia Akili Mnemba

Nilifika Dongobesh nikitokea Tunduma, kwa mabasi ambayo sasa nayachanganya yote. Ninachokumbuka vizuri ni vumbi la baada ya Babati, na baridi iliyotupokea huko juu. Nilikuwa napita tu. Mama mmoja mwenye duka akaniomba nimtengenezee waya wa sola, nikabaki kwake nikichaji simu za watu.

Msimu wa ukungu betri ilikuwa haishibi. Ndipo akaja bibi mmoja wa kijiji cha Tlawi, mkulima wa vitunguu saumu. Majani ya saumu zake yalikuwa yanageuka njano, na bustani ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwaka mzima. Nikamfungulia akili mnemba kwenye simu yangu, nikamwambia aseme tu. Akaiamkia shikamoo. Ikaitikia marahaba. Akaendelea kuiuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua za huko iliko.

Mwenye duka akacheka. "Bibi, unakiamkia kitu kilichozaliwa juzi?"

"Anayejua kuliko mimi ni mkubwa wangu."

Nikamweleza kwamba kila neno linakwenda kwenye majumba ya mashine, mbali sana, yanayokula umeme kama miji, na mengine hupozwa kwa maji. Nilidhani atashangaa ukubwa wake.

"Na wanaokaa jirani na hayo majumba," akauliza, "wanabaki na maji ya kunywa?"

Nikaangalia chaji. Simu ilikuwa karibu kuzima, basi akaiuliza habari ya saumu. Ikamwambia achimbue aangalie mizizi. Kama inaoza, apunguze kumwagilia.

Siku ya gulio iliyofuata akarudi. Upande wa bondeni wa bustani ulikuwa umeoza, lakini alikuwa amechimba mifereji na upande wa juu umeanza kusimama. Safari hii alibeba maswali ya majirani, kama mtu anavyotumwa mashineni kusaga mahindi ya nyumba kadhaa. Yaliyofanana aliyaunganisha, mengine walishajibizana wenyewe njiani. Akaamkia mara moja kwa niaba ya wote.

Nimeishi katika miji ambako watu huiuliza simu saa ngapi huku ukutani kuna saa. Pale ndipo nilipoanza kuamini kwamba, watu wakiuliza kama bibi yule, majumba yale yanaweza kutosheka kabla ya kukausha mito ya watu.

Niliondoka Dongobesh siku nyingine ya gulio, miguu ikiniwasha kusafiri kama kawaida yangu. Bibi alikuwa amevuna. Magunia yalikuwa machache kuliko ya mwaka uliotangulia, ila saumu zilikuwa ngumu, nyeupe. Alikuwa akibishana na mnunuzi, akaniambia, bila kugeuka, niende salama, mkono ungali ndani ya gunia.