Chupa Iliyolala

Juzi binti yangu alifungua kabati, akaona chupa yangu ya mvinyo imelala, akaisimamisha. "Mama, ilikuwa imeanguka," akaniambia. Nilicheka, maana nami niliwahi kuisimamisha chupa hiyohiyo.

Nilipokuwa mdogo, mama yangu alikuwa akimpigia nguo pasi bibi mmoja Mwitaliano, mjane, kule mtaa wa Troyeville. Nyumba yake ilinukia kitunguu saumu na mvuke wa pasi. Mchana mmoja nilikuta chupa imelala kabatini, imejaa vumbi. Kwetu mtoto mwenye adabu akiona kitu kimeanguka hukiinua, basi nikaiinua, nikaifuta kwa gauni langu.

Bibi hakunigombeza. Aliilaza tena taratibu, kama anayelaza kichanga. Akasema ni mvinyo mwekundu wa shamba dogo la kaka yake, unaozidi kuwa mtamu kwa miaka, mradi kizibo kisikauke; ndiyo maana chupa hulazwa, mvinyo ukilowanishe.

"Utaifungua lini, Bibi?"

"Mwenyewe bado hajakua."

Nilidhani anamsema mjukuu wake, nikamwonea wivu.

Bibi alipofariki, mwanawe alimletea mama chupa ile. Shingoni ilikuwa imefungwa karatasi, na juu yake bibi alikuwa ameandika jina langu.