Ukoo wa Bibi Agnesi

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia kijana akijiuliza yeye ni nani hasa hapa duniani. Ni siku waliyokuja kuniposa.

Wageni waliteremka kutoka Newala asubuhi, msimu wa korosho umekwisha na watu wana nafasi ya kukaa wakazungumza. Damasi, kijana aliyenitaka, alikuja na mjomba wake, Mzee Chipanda, mtu mrefu asiye na haraka. Mimi nililelewa hapa Masasi na Bibi Agnesi, mama yake mama yangu. Shikamoo zikaitikiwa, ugali wa muhogo na kuku vikaliwa, mambo yakaenda vizuri mpaka Mzee Chipanda aliponawa mikono.

"Mama," alimwambia Bibi, "kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Binti huyu akizaa, tuseme watoto hao ni wa ukoo gani?"

Nami nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, nikisikiliza mazungumzo ya uani. Maana sisi, mwanangu, hatukuwa na ukoo wa kutaja. Mama yake Bibi aliletwa misheni akiwa mtoto mdogo, amekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Hakujua kwao wala jina la mama yake.

Mjomba wangu Elia akamwinamia Bibi. "Taja ukoo wowote wa Kiyao," alinong'ona. "Nani atakwenda kuulizia?"

Bibi hakunong'ona. "Elia, wahenga walisema mkana kwao ni mtumwa. Mama yangu alitoka utumwani. Nisiurudie mimi kwa ulimi wangu mwenyewe."

Kisha akamgeukia mgeni, akamweleza yote, kichwa juu, kwa sauti ileile aliyozoea kuelekezea watu njia ya kisimani.

"Kwa hiyo hamna ukoo," alisema Mzee Chipanda. Hakusema kwa kejeli, alisikitika kweli.

"Tunao. Njoo nikuonyeshe."

Akatuongoza sote mpaka makaburini, akasimama penye kaburi la mama yake.

"Huyu alichimbiwa kaburi na Wamakua, akaoshwa na wanawake wa Kiyao, akaliliwa na Wamakonde waliokuja kwa miguu, kwa sababu watoto wao aliwapokea yeye walipozaliwa. Hakuzaliwa nao, baba. Aliishi nao. Mimi ninavyojua, ukoo ni watu wanaozikana. Kama kwenu ni kitu kingine, mchukueni kijana wenu mrudi salama. Hatutakuwa na kinyongo."

Ah, mwanangu! Nilimpenda Damasi, na Bibi akaiweka ndoa yangu hatarini namna ile. Lakini nilipomtazama, mwanamke mfupi aliyevaa kanga iliyochuja, niliona hakuna mtu mkubwa kuliko yeye pale.

Mzee Chipanda akavua kofia, akainama, akaanza kung'oa majani yaliyolizunguka kaburi. Damasi akainama kando yake. Waling'oa mpaka kaburi likawa safi pande zote.

"Mama, nimekwisha kumpalilia mama yenu," alisema akijifuta udongo. "Sasa mtaniitaje mgeni?"

Tukaoana. Na wanangu wakiulizwa ukoo wao mpaka leo, hujibu bila kusita: sisi ni wa Agnesi.

Basi sikiliza. Nawaona vijana wetu mnavyojipima kwa picha za watu msiowajua, simu mkononi, mkiona haya kwa lafudhi, kwa kijiji, kwa kazi ya baba. Usiazime asili ya mtu ili upendeze. Ulikoanzia hukupachagua, wala si aibu yako. Unachochagua ni namna ya kukaa na watu: wauguze, wazike, shangilia watoto wao. Ukifanya hivyo hutahitaji kuuliza mahali pako ni wapi, wenzako watakuonyesha. Na ukiulizwa, sema kweli, umesimama wima.

Mungu akupe moyo wa kutokujikana, akupe na watu wasiokukana. Uzeeke ukiitwa mtu wa watu.