Pampu ya alizeti niliyojazia mbolea ya maji, na vitunguu vya mama mkubwa

Wakuu, habari za humu. Leo sina utani. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote nyumbani, na chumvi sijaongeza.

Niko Unyambwa, Singida. Marehemu baba alikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Alipofariki vifaa vyote vikauzwa, ikabaki pampu moja ya gear, ile yenye meno ya chuma ya kusukuma mafuta kwenye madumu. Chuma kizito, kimetusomesha sote.

Mwaka jana nikaanza kazi ya mbolea ya maji. Nanunua pipa, najaza chupa za lita moja, napeleka kwa wakulima wa vitunguu Misigiri.

Mwanzoni nilijaza kwa jagi. Mikono inawasha, chupa hii imejaa, ile imepungua. Nikaona nitumie pampu.

Fundi Juma, aliyefanya kazi na baba miaka yote, alinikuta naiosha ile ya alizeti. Akasema, "Hiyo iache. Inalindwa na mafuta yenyewe. Ukipitisha mbolea italiwa."

Sikumsikiliza. Huku kwetu pampu ni pampu, watu wanaazima ya alizeti hata kuvutia maji kisimani. Halafu niseme ukweli, nilitamani kuona kitu cha baba kinafanya kazi tena.

Wiki mbili safi kabisa.

Ya tatu ikaanza kusaga. Mbolea ikawa inatoka na rangi ya kutu, chini ya chupa kuna chengachenga.

Niliona, wakuu. Nikajiambia labda pipa hili ndivyo lilivyo. Nikafunga vifuniko, nikabandika lebo, nikapeleka.

Chupa sita zilikwenda kwa mama mkubwa, dada yake mama. Ana eka moja ya vitunguu. Macho yake yana mtoto wa jicho, la kulia karibu halioni kabisa, na mavuno yale ndiyo yalikuwa ya kumpeleka kufanyiwa upasuaji. Alichukua kwangu kwa sababu ni mimi tu.

Bomba lake la kupulizia likaziba. Akasafisha, likaziba tena. Akachukua sindano ya kushonea viroba akapanua tundu la noza, pale mbele inapotokea dawa, kama wanavyofanya wengi kule. Mbolea ikawa inadondoka matone mazito badala ya kupulizika.

Siku chache tu majani yakaungua kuanzia nchani. Vitunguu ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kuvimba. Alichovuna hakikutosha hata mboga ya kugawia majirani.

Nikaifungua pampu. Meno ya gear yameliwa, seal, ule mpira wa kuzuia kuvuja, imevimba na kukatika. Fundi Juma aliangalia, akafuta mikono, akaondoka.

Nikaenda Misigiri kwa mama mkubwa nikiwa nimepanga kusema kila kitu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniwekea uji. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu unisamehe, nimekuharibia mbolea yako. Ni macho haya. Nilitoboa tundu kubwa, sikuona."

Nikanywa uji, nikaaga.

Kwa mnaotaka kuingia kazi hii: mbolea ya maji ni chumvi na asidi, inakula chuma cha kawaida. Tafuta pampu ya plastiki ngumu au ya stainless nzuri isiyoshika kutu, na muulize muuzaji seal zake zinahimili mbolea gani. Usiponunua hiyo, bora jagi lako. Na ukiona rangi imebadilika, simamisha kazi hapohapo. Mimi pampu niliyopaswa kununua niliikuta dukani nikaiita anasa.

Msimu huu mama mkubwa hajalima, hawezi tena kutofautisha kitunguu na gugu. Jana mteja wa Misigiri amenipigia anataka chupa kumi. Kaelekezwa na mama mkubwa mwenyewe. Amemwambia mbolea ya mwanawe ni nzuri, mkono wake yeye ndio ulikuwa mbaya.

Nimeshindwa kumjibu mteja. Waliowahi kukaa na jambo kama hili, niambieni mlianzaje kulisema. Hata wa kunisema vibaya, nawasoma wote.