Waifai ya Bure

Watu huniambia Biharamulo ni mji wa wakarimu. Huwa nauliza: wakarimu kwa nani?

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakiingia tena Ngara kwa makundi, na kwenye kila kizuizi cha barabarani kulikuwa na mtu wa kupanda basi na kutukagua nyuso. Nyuso! Kana kwamba aliyechora mpaka aliuchora pia kwenye pua zetu. Mimi ni Mhangaza. Lugha yangu na Kirundi ni mtu na ndugu yake, na hilo ndilo lililokuwa limenipatia kazi ya ukalimani kwenye kambi ya wakimbizi, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Barua pepe ilinikuta ndani ya basi, nikitoka Mwanza kurudi nyumbani. Bonyeza hapa kuthibitisha kabla ya saa tisa alasiri, ilisema, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Kabla sijabonyeza, mtandao ukakata. Tulipoingia stendi ya Biharamulo abiria wote walikuwa wameinua simu juu kama waombao mvua. Basi nalo likapelekwa kubadilishwa springi.

Ng'ambo ya stendi palikuwa na hoteli iliyoandikwa ukutani WAIFAI BURE, na juu ya bati kulikuwa na dishi. Nikaingia, nikaagiza wali maharage ambao sikuutaka. Bibi mmoja wa kwetu, niliyekaa naye kiti kimoja safari nzima, alinifuata na kuniuliza kwa Kihangaza kama chai yao ina maziwa. Nikamjibu kwa Kihangaza. Hapo mwenye hoteli, mama aliyekuwa nyuma ya kaunta, akainua kichwa.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Naomba neno la siri la waifai."

"Marahaba. Nyie ni wa kambini?"

"Mimi ni wa Ngara."

"Na kambi iko wapi? Si huko huko Ngara?"

Jamaa wa bodaboda aliyekuwa akila ugali meza ya jirani akacheka na tonge mdomoni. "Mpime, mama. Mwambie aseme 'lori la rangi'. Hawa huwa wanakamatwa na ulimi." Ila alivyolitamka yeye lilitoka "roli la langi".

"Anza wewe kulisema vizuri," nikamwambia.

"Mimi si mgeni hapa!"

Nikamuuliza: kama kipimo ni kutochanganya l na r, nusu ya vijiji vyenu vya Nemba na Kaniha si ingevushwa mpakani leo hii jioni?

"Sasa unatutukana," mama akasema.

"Nauliza tu."

"Wasomi hamuulizi. Mnatukana, mnaweka alama ya kuuliza."

Nikatoa kadi ya mpiga kura. Akaitazama bila kuishika. "Hata wao wanazo."

"Basi nikuletee nini, mama? Kitovu changu?"

Bibi akaweka kikombe chini. "Mpe tu, mwenzangu," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hiyo waifai hata akiila yote, si haitaisha?"

Watu wakacheka, na mama akalainika kidogo, au alichoka. "Karibu tena," akasema. "Yaandike pamoja, herufi ndogo."

Nikaandika kaributena. Ikakataa. Nikarudia polepole, herufi kwa herufi. Ikakataa.

"Inakataa, mama."

"Basi imekukataa wewe."

"Niandikie kwenye karatasi."

"Mimi si karani wako."

Saa nane ilikuwa imeshapita. Niligeuza uso nisije nikasema neno ambalo lingenifukuzisha, na macho yakaangukia juu ya mlango, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: KALIBU TENA. Nikaketi. Nikaandika kalibutena. Ikafunguka.

"Imenikubali," nikamwambia jamaa wa bodaboda. "Mimi Mtanzania sasa."

Akamega tonge jingine. Nami nikaitazama simu vizuri. Chini ya jina la waifai kulikuwa na maneno madogo: imeunganishwa, haina intaneti.

"Mama, intaneti haipo."

"Si mtandao umekata? Mnara haujawaka tangu asubuhi. Kile kidude cha waifai kina laini ndani, kama simu yako."

"Na dishi?"

"Dishi la kuonyeshea mpira."

"Sasa muda wote huu ulikuwa unaninyima nini?"

Akanishangaa kweli. "Hukuuliza kama ipo. Uliomba neno la siri."

Honi ya basi ikalia. Wali niliuacha mezani, sikuugusa. Njiani nilishika simu mkononi, sikuiweka mfukoni hata mara moja. Tulipokaribia Lusahunga alama za mtandao zikajitokeza, moja, kisha nyingine. Saa tisa ilikuwa imepita. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka taratibu, ukaniambia kwamba nafasi imeshajazwa, asante kwa kuonyesha nia. Nikabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Bibi akanigeukia na kuniuliza kwa Kihangaza nimepatwa na nini. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, basi zima lisikie:

"Hakuna kitu, bibi."

Akanitazama kidogo, akageukia dirishani. Hadi Ngara hakunisemesha tena.