Jembe Hamia Nalo, Matuta Yaache

Naikumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, niliyoingia chumba cha usaili pale Morogoro Mjini huku nikijiona kazi nimeshaipata. Nilikuwa msichana wa Mgeta, mpiga chapa wa kibarua katika ofisi ambayo sitaitaja, na vidole vyangu vilisifiwa hadi korido ya pili. Usicheke. Ulikuwa wakati wa mashine za taipu, na mpiga chapa hodari aliheshimiwa.

Basi ofisi ikaleta kompyuta. Wakubwa wakasema wapiga chapa tunabakiza mmoja tu, wa ajira ya kudumu, naye atapatikana kwa mtihani wa vitendo kwenye hizo kompyuta. Wengine, mkataba ukiisha, wakapumzike. Kwangu mimi kupumzika kulikuwa na maana moja: kurudi milimani kulima njegere. Si kwamba kilimo ni aibu, usije ukaninukuu vibaya. Ila mjomba wangu Kobelo ndiye aliyenilipia masomo ya kupiga chapa, na sisi Waluguru unajua mjomba ni nani kwetu: ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mkuu wake. Nilitaka aone kwamba hakupoteza.

Kompyuta nilikuwa nimeigusa mara chache. Nilipoona herufi zimepangwa vilevile kama kwenye taipu, nikasema, kumbe! Si taipu hii, imeongezewa televisheni tu? Mwenzangu mmoja pale ofisini akaniambia kuna darasa la kompyuta mjini, twende. Nikamjibu nenda wewe, mimi vidole vyangu vinatosha. Wahenga walishasema, mzoea punda hapandi farasi.

Siku ya mtihani tukapewa barua ya kuchapa. Mwanangu, nilichapa! Sasa sikiliza nilivyochapa, maana hapo ndipo penye kisa. Kwenye taipu, mstari ukikaribia mwisho kengele inalia, nawe unasukuma mkono wa mashine kurudi mwanzo. Kwenye kompyuta kengele haipo na haina haja, kwa sababu maneno yanashuka yenyewe. Mimi nikawa kila nikifika ukingoni nabonyeza Enta. Mstari unaofuata, Enta tena. Tarehe nikaisukuma kulia kwa kitufe cha nafasi mpaka kidole kikachoka. Nikamaliza wa kwanza, nikakunja mikono. Barua ilipendeza kwelikweli.

Msimamizi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akapita akasema, "Vizuri. Sasa ongezeni sentensi hii kwenye aya ya kwanza, na herufi mzikuze kidogo."

Lo! Nilipoongeza ile sentensi, aya yote ikavurugika, maana kila Enta niliyobonyeza ilikuwa bado inaukata mstari palepale. Mstari mmoja mrefu, wa pili una maneno mawili, wa tatu neno moja limekaa peke yake kama limefukuzwa nyumbani. Nikaunyoosha wa kwanza, nikashuka kwa wa pili. Nilipokuja kukuza herufi, yote yakavurugika upya, na tarehe ikaangukia mstari wa chini. Jasho likanitoka. Mwenzangu yule wa darasani, ambaye kwenye taipu nilikuwa namwacha mbali, alibonyeza kidogo tu akatulia. Kazi akaipata yeye. Niliumia, mwanangu, siwezi kukudanganya.

Nikaenda sokoni, ambako mjomba alikuwa ameshusha kabichi zake. Shikamoo yangu ilitoka pamoja na machozi. Nikamweleza yote, nikamalizia kwamba wameninyima haki, mashine zao mbovu, narudi nyumbani.

Mjomba hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mashine mbovu imempaje kazi mwenzako?" akaniuliza. Ndipo akanipa habari ambayo sikuwahi kuisikia. Ujana wake alilima miwa kule bondeni, kwenye tambarare. Aliporudi Mgeta akapewa kipande cha mteremko, akapanga matuta kama alivyozoea, yameshuka moja kwa moja na mlima. Wanawake waliolima jirani wakamcheka, wakamwambia, hapa matuta yanaukata mlima, hayashuki nao. Akaona wanamfundisha kazi. Ikaja mvua moja tu, udongo na mbegu vyote vikaenda mtoni.

"Ikabidi niwaombe wale wanawake waliokuwa wananicheka wanifundishe," akasema. "Jembe lilikuwa lilelile, mpwa wangu, na mikono ileile. Ukihama shamba, jembe hamia nalo, matuta yaache ulikotoka. Kuja kulima nyumbani hakuna anayekukataza. Ila usije kwa kukimbia."

Nilikasirika. Nilitaka nipewe pole, nikapewa matuta! Lakini kesho yake niliamkia darasani.

Kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi wengi, wengi wao mabinti waliotoka kumaliza kidato cha nne, na mwalimu mwenyewe nilimzidi umri. Kulikuwa na mtindo ambao hadi leo haujafa: watu watatu kwenye mashine moja, anayejua anashika mausi, wengine wanaitikia "eeh, nimeona" na kunakili hatua kwenye daftari. Mwisho wote wanapata cheti. Binti niliyekaa naye alishangaa nilipoomba zamu yangu.

"Dada, si nimeshakuonyesha?"

"Umenionyesha, mdogo wangu. Mimi sijafanya."

Akasonya, akanipisha. Nikakosea mbele yao, wakacheka, nikauliza tena. Mficha uchi hazai. Nilijifunza kuiacha aya ishuke yenyewe, nikajifunza kupanga majedwali, na kuiambia Excel ijumlishe badala ya kuijumlishia mimi. Kwenye usaili wa ofisi nyingine, walipotuambia tuongeze sentensi, niliongeza, na barua yangu ikasogea kwa adabu. Kazi hiyo ndiyo niliyostaafu nayo.

Sasa, mwanangu, sikukuita hapa Bigwa nikusimulie ya kale tu. Jana umeleta CV yako kwenye kompyuta yangu, umeandika "mjuzi wa Word na Excel", na cheti umeambatisha. Nikakuomba uongeze namba ya simu ya mdhamini wako mmoja. Ukurasa mzima ukahama! Nikageukia dirishani nisikuaibishe. Ulikuwa umepanga kila kitu kwa kitufe cha nafasi, kama mimi. Na lile jedwali la mahudhurio ya kwaya yenu ulilolifungua baadaye, nilikuona unatoa simu, unajumlisha kwa kikokotoo, kisha unaliandika jibu kwenye Excel. Excel yenyewe imekaa inakutazama! Wewe taipu hujaiona maishani mwako, matuta yako umeyatoa kwenye simu. Vidole gumba vyako vina kasi, hilo sikatai.

Usaili wako ni wiki ijayo na nafasi ni moja, najua unavyoitaka. Nasaha yangu ni hii. Neno "mjuzi" liondoe mpaka mikono yako iweze kuliapia. Usikubali tena mwenzako akushikie mausi, hata kama anakuharakisha, maana cheti hakitaingia nawe chumba cha usaili kukushika mkono. Ukishaandika kitu kikapendeza, kivuruge kwa makusudi: ongeza neno, futa mstari, kuza herufi, uone kama kinasimama. Kikianguka, bora kianguke hapa kwangu. Na usione haya kufundishwa na aliye mdogo kwako, kwa sababu hata haya nitakayokufundisha mimi yatapitwa, nawe utahamia shamba jingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakuna mwisho.

Mungu akufungulie mlango huo, mwanangu. Akupe vidole vyepesi na moyo usiochoka kuuliza, na siku watakapokwambia "ongeza sentensi", barua yako isimame. Amina.

Haya, simu weka pembeni. Njoo ukae kwenye kiti changu, mausi shika wewe.