Mchungaji Mwema wa Noonkopir

Mama mkwe wangu alishuka Kitengela na kuku wawili na uamuzi mmoja: akiona mjukuu wake hamjui Mungu, angerudi naye magharibi akalelewe huko. Kwake, mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga mtaani kwetu Noonkopir, asiyejua hata kuomba kwa lugha ya babake, alikuwa mpagani aliyevalishwa viatu. Na mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani petu alikuwa nani? Mimi. Nilikosa usingizi kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto.

Jumapili ya watoto ilikuwa karibu, nikampa mwanangu hadithi ya mchungaji mwema. Sikumkaririsha. Nilimwambia asimulie kwa maneno yake, nikajiona mwalimu wa kisasa kweli kweli.

Nilichosahau ni kwamba kwa watoto wetu mchungaji alikuwa mtu mmoja tu: yule wa tai na kipaza sauti, anayefika kwa gari sisi tukiwa tumemaliza nyimbo. Watu waliopita na mifugo nyuma ya kanisa letu la mabati hatukuwaita wachungaji hata siku moja. Tuliwaita Maasai, basi.

Siku ikafika. Mwanangu akasimama mbele, shati limechomekwa vizuri.

"Mchungaji mwema alikuwa na kondoo mingi. Moja ikapotea. Mchungaji alikuwa na mkutano, akatuma Maasai aitafute."

Kanisa lilivunjika mbavu. Mchungaji wetu ndiye aliyecheka zaidi, akipangusa macho kwa leso. Nilitamani ardhi inimeze, nikaanza kumpungia mwanangu arudi akae.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka kwenye benchi la akina mama.

"Mjukuu wangu, hiyo kondoo ilipatikana?"

"Ndiyo, nyanya. Maasai alitembea mpaka akaipata. Akaibeba kwa mabega."

"Na mchungaji?"

"Bado alikuwa kwa mkutano."

Kicheko kikapungua, kisha kikaisha kabisa. Leso ikarudi mfukoni.

"Sasa hapo Yesu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Si ni Maasai," mtoto akajibu, akishangaa kwamba mtu mzima anauliza.

Tulipotoka nje mama mkwe alisema mtoto abaki nasi Kitengela. Mimi, mwalimu wake, nilikuwa bado natafuta namna ya kumsahihisha.